Je, wajua kwa nini mistari 12 ya mwisho ya Marko hutiwa mabano?

Chukua Biblia ya Kiswahili iliyo karibu nawe, iwe ile yenye jalada jeusi lililokwisha kulegea uzi au ile ya kwenye simu, ufungue Marko sura ya 16. Soma hadi mstari wa 8, kisha tua kidogo kabla ya kuingia wa 9. Katika matoleo mengi hapo pana alama: mabano yanayofunguka mwanzoni mwa mstari wa 9 na kufungwa mwishoni mwa wa 20, au kinyota kinachokupeleka kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Matoleo mengine hayaweki kitu. Kwenye programu za simu tanbihi mara nyingi hujificha nyuma ya alama ndogo ya kubonyeza, na asiyeibonyeza hajui kama ipo.

Kwa mji kama Tanga, ambako Mkristo na Mwislamu ni majirani na mihadhara ya kulinganisha vitabu si jambo geni, mabano hayo hayakosi kuzua maneno. Mmoja atayainua na kuuliza: mbona wenyewe mmekiri kuwa habari za kufufuka ziliongezwa baadaye? Mwingine, kwa uchungu wa imani, atajibu kwamba mabano ni hila ya wachapaji na Neno la Mungu halina mabano. Wote wawili wamekosa shabaha, na ni rahisi kuona walipokosea wakishajua mabano yametoka wapi.

Hakuna kitabu cha Agano Jipya tulichonacho kwa mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Tulizonazo ni nakala za nakala. Watu wa Mrima hawapaswi kushangaa: tenzi za pwani hii zilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na nakala mbili za utenzi mmoja aghalabu hazilingani beti kwa beti. Huu una ubeti usiokuwamo katika ule, na mwenye kazi ya kuuchapa hulazimika kuamua, kisha kueleza alivyoamua. Mabano ya Marko ndiyo maelezo ya namna hiyo.

Hati kubwa za Kiyunani za karne ya 4 ni mbili, zote za ngozi. Moja ni Codex Sinaiticus, iliyokuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai hadi Mjerumani Tischendorf alipoijulisha ulimwengu wa wasomi katikati ya karne ya 19. Tangu 1933 sehemu yake kubwa imo London. Nyingine ni Codex Vaticanus, iliyomo katika maktaba ya Vatikano. Zote mbili zinamaliza Marko kwenye mstari wa 8. Hati ya Kisiria iliyogunduliwa na Agnes Smith Lewis mwaka 1892 katika monasteri ile ile ya Sinai nayo inaishia hapo hapo.

Vaticanus ina jambo la kuvutia zaidi. Kila ukurasa wake wa Injili una safu 3 za maandishi, na mnakili akimaliza kitabu kimoja huanza kinachofuata juu ya safu inayofuata, maana ngozi ni ghali. Alipomaliza Marko aliacha safu nzima tupu, akaanza Luka ukurasa uliofuata. Wapo wanaosema alijua kuna mwisho mwingine unaozunguka, asiwe nao mkononi au asiuamini, akauachia nafasi. Safu ile bado ni tupu hadi leo.

Sasa upande wa pili wa mizani, maana wanaoieleza habari hii mara nyingi huishia hapo juu. Hati za Kiyunani zenye mistari ya 9 hadi 20 ni zaidi ya elfu. Zinazoishia mstari wa 8 zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na Ireneo, askofu wa Lyon, akiandika karibu na mwaka 180, ananukuu mstari wa 19 na kusema wazi kwamba ni wa mwisho wa Marko. Hiyo ni zaidi ya miaka 100 kabla ya ngozi za Sinaiticus kukatwa. Kwa hiyo anayedai kwamba mistari hiyo ilitungwa katika zama za kati hana hoja. Ni ya kale mno. Linaloulizwa ni kama ilitoka kwenye kalamu ya Marko.

Kwa nini basi elfu na zaidi zisishinde tatu? Kwa sababu hati hupimwa, hazihesabiwi tu. Fikiria duka la fotokopi karibu na shule. Notisi zikipigwa kopi 5 asubuhi, na mojawapo ikaandikwa jambo la nyongeza kwa kalamu, kisha hiyo ndiyo ikapigwa kopi 300 mchana, jioni utakuta zaidi ya 300 zenye nyongeza na 4 zisizo nayo. Wingi umekuambia ni karatasi ipi iliyopigwa zaidi. Haujakuambia mwalimu aliandika nini. Hapa ushuhuda wa Eusebio wa Kaisaria, askofu na mwanahistoria wa Kanisa, ni mzito: mwanzoni mwa karne ya 4 alisema kwamba nakala zilizo sahihi, karibu zote, zilimaliza kwa hofu ya wanawake, yaani mstari wa 8. Yeronimo alilirudia jambo hilo baadaye, na hata hivyo akaiacha mistari 12 ndani ya Biblia yake ya Kilatini. Maana yake, nakala zilizokuwa chache kwetu zilikuwa nyingi kwao.

Yapo pia yanayoonekana kwa macho ya msomaji wa kawaida, bila kujua Kiyunani. Soma mstari wa 8 na wa 9 kwa kufuatana. Katika wa 8 wanaozungumzwa ni wanawake watatu wanaokimbia. Katika wa 9 wametoweka, wala hatuambiwi kama walifikisha ujumbe waliopewa. Mariamu Magdalene anatambulishwa kama mgeni, yule aliyetolewa pepo saba, ilhali ametajwa kwa jina 15:40, 15:47 na 16:1. Mtunzi mmoja hamtambulishi mtu baada ya kumtaja mara tatu. Tena Galilaya, iliyoahidiwa 14:28 na kurudiwa 16:7 kuwa ndiko watakakomwona, haitajwi tena hadi mstari wa 20. Ni kama kiraka kizuri cha kitambaa kingine: kimeziba, lakini mshono unaonekana.

Kiraka chenyewe kimetoka wapi? Kilinganishe na Injili nyingine utaona. Mariamu ni wa Yohana 20, na zile pepo saba ni za Luka 8:2. Wawili njiani ni wa Emau, Luka 24. Agizo la kwenda ulimwenguni lina ndugu yake Mathayo 28:19. Kupaa kuko Matendo 1:9, lugha mpya Matendo 2, nyoka asiyedhuru Matendo 28, Paulo alipoumwa kisiwani Malta. Kati ya yote, ni kunywa kitu cha kufisha peke yake ndiko kusikopatikana mahali pengine katika Agano Jipya.

Mstari wa 8 wenyewe ni mgumu kama mwisho wa kitabu. Kiyunani chake kinakatika kwa maneno mawili, *ephobounto gar*. Sisi husema "maana waliogopa", neno la sababu likitangulia. Kwa Kiyunani *gar*, yaani "maana", haliwezi kutangulia, kwa hiyo ndilo neno la mwisho kabisa. Wengine wameona haiwezekani kitabu kimalizike hivyo. Lakini sentensi fupi za namna hiyo zipo: katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Mwanzo 18:15, Sara anakana kwamba alicheka kwa kuwa aliogopa, na sentensi inafungwa kwa *gar* ile ile.

Au pengine karatasi ya mwisho ilipotea. Hilo linawezekana, lakini lina sharti. Chukua daftari la pini katikati, ung'oe karatasi ya mwisho: ya kwanza nayo inalegea, kwa kuwa ni kipande kimoja kilichokunjwa. Nakala ya kwanza ya Marko kama ilishonwa hivyo, ikipoteza mwisho ingehatarisha na mwanzo. Mimi naona Marko alikusudia kuishia pale, lakini sitamgombeza anayeona vinginevyo.

Turudi kwa aliyesema ufufuo uliongezwa. Funika mistari ya 9 hadi 20 kwa kiganja, usome kilichobaki. Mstari wa 6 uko pale pale, katika Sinaiticus na Vaticanus sawa na katika Biblia yako: Yesu Mnazareti aliyesulubiwa amefufuka, hayupo hapa, tazameni mahali walipomweka. Utabiri wa kufufuka baada ya siku tatu uko 8:31, 9:31 na 10:34, na hakuna mabano. Kinachokosekana katika Marko fupi ni masimulizi ya kutokea kwake. Tangazo la kufufuka lipo.

Na masimulizi ya kutokea hayakuanza na Marko. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa kutoka Efeso katikati ya miaka ya 50, na wasomi wengi huuona wa kale kuliko Injili zote nne. Katika 15:3-8 Paulo anaorodhesha: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa hai bado, Yakobo, mitume wote, mwisho yeye mwenyewe. Tena anasema aliyapokea, yaani yalikuwa yakifundishwa kabla yake. Wagalatia 1:18 inatuonyesha nafasi mojawapo ya kuyapokea: alikaa siku 15 na Kefa Yerusalemu, miaka mitatu baada ya kuitwa. (Wanawake wa kaburini hawamo katika orodha hiyo, jambo ambalo akina mama wa kanisani wana haki ya kuliulizia.)

Je, mamlaka ya Maandiko? Hapa Wakristo wa Tanga hawasemi kwa sauti moja. Kwa Mkatoliki, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, tarehe 8 Aprili 1546 ulivipokea vitabu pamoja na sehemu zake zote. Mistari 12 ni Maandiko Matakatifu, awe ameiandika Marko au mwingine. Mwanglikana ana Kanuni ya 6 kati ya zile 39 za imani ya kanisa lake: Maandiko yana yote ya lazima kwa wokovu, na lisilosomwa humo wala kuthibitishwa nayo halidaiwi kwa mtu. Mlutheri atakuambia Maandiko ndiyo kipimo, na kipimo lazima kwanza kisomwe sawasawa. Tafsiri mojawapo ya Biblia nzima, ile ya 1937, ilifanywa na Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri aliyepata kufanya kazi milimani Usambara. Kupima maneno hakukuwa kazi ya mbali na hapa.

Ipo kanuni moja ambayo wengi huifuata: sehemu yenye shaka ya hati isomwe na ihubiriwe pale inapokubaliana na sehemu zisizo na shaka, lakini fundisho lisisimame juu yake peke yake. Madhara ya kuipuuza yamekwisha kuonekana. Marekani, mapema karne ya 20, George Hensley aliufanya mstari wa 18 kuwa amri, akaeneza ibada za kushika nyoka wenye sumu. Mwaka 1955 aliumwa na nyoka akiwa ibadani, akafa. Paulo kule Malta hakumshika nyoka ajaribu imani. Alikuwa akiokota kuni.

Ukitaka kuzoea jicho lako, tafuta mabano mengine kama haya: Yohana 7:53 hadi 8:11, mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi, na 1 Yohana 5:7, ambako maneno ya mashahidi watatu mbinguni yamo katika hati chache tu za Kiyunani, zote za baadaye. Kisha soma dibaji ya Biblia yako, kurasa zile zinazorukwa, ambako mara nyingi mtafsiri anaeleza alama zake.

Katika kalenda ya Wakatoliki, Injili ya Kesha la Pasaka mwaka 2024 ilikuwa Marko 16:1-7, na itakuwa hiyo tena mwaka 2027. Jumamosi ya oktava ya Pasaka, yaani zile siku nane za sikukuu, husomwa 16:9-15. Kwenye Kupaa katika miaka hiyo miwili, 16:15-20. Katika masomo hayo matatu, mstari wa 8 haumo.