Kabla hujanunua kitasa

Juzi imetokea tena. Mteja amepitia Grogan kwanza, kule Nairobi kunakouzwa vipuri vya magari, amenunua kitasa cha mlango wa nyuma kushoto wa gari lake la Probox, ndipo akafika kwangu Kariobangi nacho kimefungwa kwa gazeti. "Fundi, niwekee hiki, kile cha zamani kimekufa." Nikamuuliza amejuaje kimekufa. Akasema mlango haufunguki. Haufunguki kutoka ndani au kutoka nje? Hapo akanyamaza.

Nimeuliza swali hilo miaka mingi na bado watu wanaliona kama la kupoteza muda. Ndilo linaloamua kazi yote. Kitasa ni kimoja, kimefichwa ndani ya mlango, na kinapokea amri kwa njia mbili. Kishikio cha nje kinakivuta kwa rodi, cha ndani kwa kebo, au kwa rodi nyingine kwenye gari la zamani. Mlango ukifunguka upande mmoja tu, kitasa ni kizima. Kimevutwa, kimeachia. Ubovu uko kwenye ile njia nyingine.

Ukikataa nje, mara nyingi ni klipu ya plastiki inayoshika rodi. Imezeeka, imepasuka, rodi inaning'inia. Au ule mkono mdogo nyuma ya kishikio umevunjika. Ukikataa ndani, na ni mlango wa nyuma, tazama loki ya watoto, ile inayozuia mlango kufunguliwa kutoka ndani, kabla ya kumpigia fundi yeyote. Iko ukingoni mwa mlango, unaiona mlango ukiwa wazi. Vijana wa kuosha magari wakipitisha kitambaa pale huisukuma bila kujua.

Sasa tuje kwa huyu wa Probox, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Mlango wake ulikataa pande zote mbili, na ni ule abiria wanaoshukia. Nilipomhoji vizuri, ikatoka kwamba kishikio cha nje kilikuwa kimelegea kwa miezi. Alizoea kupitisha mkono dirishani na kufungua kwa ndani. Jumamosi gari likaoshwa. Jumapili mlango ukagoma kabisa. Kwake ni ugonjwa mmoja, kitasa kimekufa. Ukweli ni mambo mawili yaliyokutana: kishikio kilichovunjika zamani na loki ya watoto iliyosukumwa Jumamosi. Kama ningemwekea kile kitasa kipya, mlango ungefunguka kwa ndani, angeondoka akiamini amepona, na siku gari likioshwa vibaya tena angerudi kununua kitasa cha tatu.

Halafu fikiria hili: skrubu za kitasa ziko ukingoni mwa mlango. Mlango ukiwa umefungwa huzifikii. Kwa hiyo ni lazima kwanza nifungue mlango ndipo nibadilishe kitasa, na nikishaufungua nitakuwa nimeuona ubovu. Sasa kitasa ulinunua cha nini mapema?

Kuufungua ni kwa subira. Hakikisha loki imeachiliwa, kwa rimoti au kwa mkono. Mmoja asimame nje, asukume mlango kuelekea kwenye mwili wa gari huku mwingine akivuta kishikio polepole, kwa maana mpira wa mlango unausukuma nje na ulimi wa kitasa unabanwa. Mzigo ukipungua, wakati mwingine unaachia. Kama unashuku mota ya loki imechoka, bonyeza rimoti mara kadhaa huku mtu akivuta kishikio. Usivute kwa hasira. Vishikio vingi ninavyobadilisha vilivunjwa siku hiyo hiyo na mwenye gari.

Ikishindikana, natoa kiti cha nyuma ili nipate nafasi, natoa skrubu za kishikio cha ndani na za pale pa kuegemeza mkono, kisha nang'oa paneli taratibu. Kuna mafundi wanaokata paneli. Mimi sikati mpaka nimemaliza njia zote. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni, iinue bila kuichana maana ndiyo inayozuia maji. Mulika tochi, tafuta mkono wa kitasa unaovutwa na rodi ya nje, usukume kwa bisibisi. Usihangaike na ule wa ndani, loki ya watoto imeukata.

Betri ikiwa imekufa na rimoti haiitiki, tumia ufunguo wa chuma, ambao kwa rimoti nyingine umefichwa ndani yake. Basi.

Vitasa vibovu vipo, sikatai. Rodi na kebo zote zinavuta, loki zote zimeachiliwa, na mlango bado umegoma. Hapo siwezi kusema ni vumbi lililogandamana na grisi kuukuu, springi, au mota, mpaka nikishike mkononi. Na kuna vichache nilivyosafisha, nikapaka grisi mpya, vikafanya kazi, na hadi leo sijui kama ni grisi iliyoviponya au ni ile kutikiswa wakati wa kuvitoa. Ndiyo maana namwambia mteja akae nacho wiki moja kabla ya kununua kingine. Mafuta mepesi ya kupulizia hayatoshi. Yanaosha grisi iliyobaki, yanakauka, na vumbi la barabara zetu linaingia.

Yule mteja alirudi Grogan jioni ile na kitasa chake, gazeti likiwa lile lile, kuomba abadilishiwe apewe kishikio cha nje.