Tarehe imepita na uchungu hauji, nisubiri au nianzishiwe?

Swali: Tarehe niliyopewa kliniki imepita siku kadhaa na sisikii dalili yoyote, ni hatari?

Jibu: Kama presha iko sawa na mtoto anacheza kama kawaida, bado. Ile tarehe ni makadirio, wanahesabu siku 280 toka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na watoto wanaozaliwa siku hiyohiyo ni kama 5 tu kati ya 100. Ila jua hesabu yako imetoka wapi, maana kama hukumbuki hedhi alafu ultrasaundi ulipiga mimba imeshakua kubwa, tarehe inaweza kukosea hata wiki mbili tatu, ya miezi mitatu ya mwanzo ndo ya kuaminika.

Swali: Mbona wengine wanaanzishiwa hata kabla ya tarehe?

Jibu: Hao wana sababu. Presha ya mimba, kisukari, mtoto haongezeki, au chupa imepasuka na uchungu hauji. Hapo kila siku ya kusubiri inamuongezea hatari mama au mtoto.

Swali: Mimi sina tatizo, sasa nisubiri mpaka lini?

Jibu: Shirika la Afya Duniani linashauri wiki 41 zikitimia uanzishiwe. Kuna utafiti ulifanyika Uswidi, majibu yakatoka 2019, wakalinganisha wanaoanzishiwa wiki ya 41 na wanaosubiri mpaka ya 42, wakausitisha kabla haujaisha kwa sababu kwenye kundi la kusubiri watoto 6 walifariki na kule kwingine hakuna hata mmoja. Hatari yenyewe ni ndogo kwa mama mmoja mmoja, lakini inapanda kadri wiki zinavyosogea, kwahiyo kukaa tu nyumbani bila kupimwa ukisema atakuja akitaka, hapana jamani. Ukisubiri, subiri ukiwa unaenda kupimwa maji ya uzazi na mapigo ya moyo ya mtoto, na akipunguza kucheza nenda siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Swali: Nasikia ukianzishiwa lazima uishie opareshoni?

Jibu: Hii inawatisha wengi sana na si kweli. Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na tatizo, majibu yakatoka 2018, walioanzishiwa wiki ya 39 waliopasuliwa ni kama 19 kati ya 100 na waliosubiri ni kama 22. Shida inakuja pale mlango wa kizazi haujalainika alafu watu wana haraka. Ndo maana mkunga anakupima kwanza, ukiwa bado mgumu wanaulainisha kwa dawa au kipira kinachojazwa maji, baadae ndo chupa inapasuliwa na unawekewa dripu. Inaweza kuchukua siku nzima au mbili, na mtu asikudanganye, uchungu wa dripu wengi wanasema ni mkali na unakuja kwa kufuatana, kwahiyo uliza mapema kuhusu dawa ya maumivu.

Swali: Si ninywe kitu nyumbani uanze wenyewe?

Jibu: Naomba usifanye hivyo, kweli naomba. Vidonge vya misoprostoli vinavyopatikana madukani vingi vina mikrogramu 200, wakati hospitali dozi ya kuanzisha uchungu ni 25 tu, tena unafuatiliwa. Ukizidisha kizazi kinabana mfululizo, mtoto anakosa hewa na kizazi kinaweza kupasuka. Mitishamba huwezi kujua dozi yake, na mafuta ya nyonyo yatakuharisha na kukutapisha ufike leba huna nguvu.

Swali: Nilijifungua kwa opareshoni mimba iliyopita, naweza kuanzishiwa?

Jibu: Wengine inawezekana, ila misoprostoli haitumiki kwako kwa sababu ya lile kovu, na iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari. Mwambie daktari kovu lako lilikatwa vipi, kama una karatasi za mara ile nenda nazo.