Je, wajua kwa nini asili ya Kimalagasi husakwa Taiwan?

Mmalagasi wa Madagaska akihesabu, tano kwake ni dimy. Mmaori wa New Zealand husema rima, Mmalei lima, na Waamis wa pwani ya mashariki ya Taiwan nao ni lima vilevile. Watu hawa wametenganishwa na maelfu ya kilomita za bahari, lakini lugha zao ni ndugu wa damu: ni za jamii ya Kiaustronesia, yenye lugha zipatazo 1,200.

Wanaisimu wengi husema chimbuko lake ni Taiwan. Inashangaza, maana wakazi wengi wa kisiwa hicho leo huzungumza Kichina, na lugha za wenyeji wa asili, kama Kiamis, Kiatayal, Kipaiwan na Kibunun, zimebaki kwa watu wachache. Mbona isiwe Indonesia, yenye mamia ya lugha za Kiaustronesia?

Kinachopimwa hapa si wingi wa lugha, ni jinsi zilivyoachana. Mwaka 1999 mwanaisimu Robert Blust aliigawa jamii nzima katika matawi makuu 10. Matawi 9 yako Taiwan tu! La kumi ndilo limebeba zote zilizobaki, kuanzia Kimalagasi hadi Kihawaii. Wapo wanaoipinga hesabu yake, ila wengi wao nao huanzia Taiwan. Lugha zilizokaa mahali pamoja miaka mingi hupata muda wa kuachana kabisa. Zilizohama baadaye bado zinafanana. Hoja hiyohiyo ndiyo iliyowapeleka wataalamu mpakani mwa Nijeria na Kameruni kutafuta asili ya lugha za Kibantu.

Waliohama walivuka kwenda Ufilipino yapata miaka 4,000 iliyopita. Kuna kituko kimoja: Watao wa kisiwa cha Lanyu wako chini ya Taiwan, lakini lugha yao ni ya tawi la kumi, jirani ya zile za visiwa vya Batanes huko Ufilipino.

Kwa hiyo lugha moja ikifa Taiwan, huenda tawi zima likaondoka nayo. Kirukai, kwa mgawanyo wa Blust, ni tawi peke yake. Kisiraya, lugha nyingine ya wenyeji wa Taiwan, kilikwisha kunyamaza tangu karne ya 19. Wajukuu wa wasemaji wake sasa wanakifufua kwa msaada wa Injili ya Mathayo iliyotafsiriwa kwa lugha hiyo na mmisionari Mholanzi, Daniel Gravius, na kuchapwa mwaka 1661.