Doa Jekundu Kwenye Picha ya Ubongo Limefikaje Pale?

Wengi mmeiona kwenye simu: picha ya ubongo ya kijivu yenye madoa mekundu, na maelezo kwamba hapo ndipo penye usemi au huzuni. Tunapotoa elimu ya afya hapa Tanga huulizwa kama mashine ya MRI, ile inayopiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, iliziona rangi hizo. Haikuziona. Ni picha mbili za namna tofauti, moja imelazwa juu ya nyingine kwa hesabu, na rangi imepakwa na kompyuta.

Ya kwanza ni picha ya umbile. Hupigwa kwa dakika kadhaa, na kila chembe yake, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ina upana wa kama milimita 1. Ya pili ni ya utendaji: ubongo mzima hupigwa kila baada ya sekunde 1 hadi 3, tena na tena, huku mtu akichezesha vidole au akitafuta maneno. Haisomi mawazo, inafuata damu. Sehemu inayofanya kazi huletewa oksijeni nyingi kuliko inavyotumia, na hemoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, ikipungukiwa oksijeni huvuruga usumaku kidogo, jambo ambalo mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990. Kwa kuwa hupigwa mbiombio, chembe zake huwa kubwa, mara nyingi milimita 2 hadi 3, na picha yenyewe hutoka imepinda.

Kupinda huko ndiko kunakotutesa. Hewa iliyo nyuma ya pua na ndani ya masikio huvuruga sumaku, basi ubongo ulio juu ya macho huonekana umevutwa au umebanwa kwa milimita kadhaa. Sumaku yenye nguvu zaidi, ya Tesla 7 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), inaweza kutoa picha ya utendaji yenye chembe chini ya milimita 1, lakini nayo huzidisha kupinda. Unapata picha kali ya kitu kilichokaa mahali pasipo pake.

Milimita 2 zina neno gani? Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lina unene wa wastani wa kama milimita 2.5 tu, tena limekunjwakunjwa. Wakazi wa Ngamiani hapa Tanga wanajua: nyumba ya Barabara ya Nane na ya Tisa zinaweza kupeana migongo, lakini kufika mlangoni kwa jirani sharti uzunguke. Ndivyo zilivyo kingo mbili za mkunjo mmoja. Katika mkunjo mkuu wa kati, ukingo wa mbele huendesha mkono, wa nyuma huhisi mguso wake. Picha ikiteleza kidogo, kazi ya huyu huandikiwa yule, na daktari wa upasuaji anayetafuta pa kupitia atapotezwa.

Kwa hiyo kwanza tunanyoosha. Picha fupi mbili hupigwa kwa mielekeo inayopingana. Moja huvutwa mbele, nyingine nyuma, na umbo la kweli hukadiriwa katikati yake. Ndipo picha ya utendaji husogezwa kwa njia 3 na kuzungushwa kwa njia 3 hadi ikae. Weupe haulinganishwi na weupe, kwani maji ya ubongo ni meusi kwenye picha ya kwanza na meupe kwenye ya pili. Mimi naipenda njia ya watafiti Greve na Fischl ya mwaka 2009, inayofuata mpaka kati ya gamba na sehemu nyeupe ya ndani na kupima kama mwanga wa picha unabadilika palepale mpakani. Kisha lazima mtu akague kwa macho. Programu haina haya. Hutoa jibu hata likiwa la uongo.

Na wewe unayepimwa una kazi. Mweleze mhudumu chuma chochote kilichomo mwilini, hasa kifaa cha moyo. Acha nje pini za mtandio, vibanio na hirizi yenye kasha la bati. Nawa wanja pia: baadhi una madini ya chuma, na huharibu picha karibu na macho, palepale panapopinda. Halafu lala tuli. Kikohozi kikikubana, minya kipira cha kuitia ulichopewa mkononi. Sehemu hiyo itarudiwa.