Dhana potofu kuhusu kumchagua kocha mkuu wa basketi ya chuo, na Georgetown inavyotufundisha ukweli

Kila Machi ikikaribia kuisha vyuo vya Marekani vinaanza kufukuza makocha wa basketi na kusaka wapya, na sisi tunaofuatilia kutoka huku nasi tunaanza kubishana nani anafaa wapi. Wengi tuliingia kwenye hii basketi ya vyuo kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar aliyecheza UConn, yaani chuo kikuu cha Connecticut, kuanzia 2006 mpaka 2009 akatoka hapo akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, ile siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na wakubwa zetu waliingia kwa sababu ya marehemu Dikembe Mutombo aliyetoka Kinshasa akaibukia Georgetown. Kwaiyo hili jambo linatuhusu kabisa, hao makocha ndo wanaokabidhiwa wadogo zetu. Inaniuma sana nikiona kocha anachambuliwa kwa jina na kwa mechi alizoshinda basi, hakuna anayeuliza alipewa nini mkononi na alikifanyia nini.

Natumia Georgetown, chuo cha Wajesuiti pale Washington, kwa sababu ndani ya miaka hamsini kimejaribu karibu kila aina ya kocha unayemjua wewe. Mwalimu wa sekondari, msaidizi wa ndani, mtoto wa kocha wa zamani, staa wa zamani, alafu kocha aliyenyakuliwa kutoka chuo pinzani. Wote hao.

Dhana: lazima awe ameshafundisha ngazi ya juu

Mwaka 1972 Georgetown walikuwa wametoka kwenye msimu wa ushindi 3 na vipigo 23, yaani timu imekufa. Wakamchukua John Thompson, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha sekondari ya St. Anthony hapo hapo mjini. Ni kweli alicheza Boston Celtics misimu miwili, lakini alikuwa akiba wa Bill Russell, na chuo hajawahi kufundisha hata siku moja. Msimu wa kwanza akashinda 12 akapoteza 14. Msimu wake wa tatu, Februari 1975, timu ilikuwa imepigwa mara sita mfululizo na watu wakatundika shuka ndani ya ukumbi wao wenyewe wa mazoezi, limeandikwa tusi la kibaguzi kwamba huyu mtu mweusi amefeli aondoke. Chuo hakikumtupa. Msimu ule ule wakafuzu mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na kufika 1984 Thompson akawa kocha wa kwanza Mmarekani mweusi kubeba ubingwa wa daraja la kwanza. Kwenye miaka minne, 1982 mpaka 1985, aliingia nne bora mara tatu. Patrick Ewing, Alonzo Mourning na Mutombo, wote waliokuja kuwa mastaa wa NBA, walipita kwenye mikono yake.

Sasa watu wanasema ilikuwa bahati. Hapana, ukiangalia alichokuwa nacho 1972 mambo yalikuwa yanaonekana. Pale St. Anthony alishinda mechi 122 akapoteza 28, alikuwa anajulikana kwenye nyumba za wazazi wa Washington ambazo Georgetown walikuwa hawagongi hodi, na baadhi ya vijana wake wa sekondari walimfuata chuoni. Kingine ambacho mimi naona ndo kikubwa kuliko vyote, alikuja na Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa, kazi yake ilikuwa kusimamia masomo ya wachezaji na alikuwa anakaa benchi kabisa pamoja na makocha. Wachezaji wa Thompson waliokaa miaka minne, asilimia 97 walipata digrii. Mutombo mwenyewe alienda akitaka kusomea udaktari, akaishia kuhitimu 1991 kwenye lugha na diplomasia. Kocha anayekuja na mpango wa namna hiyo siku ya kwanza anakuonyesha anajua kazi ya chuo ni nini.

Dhana: rekodi haidanganyi

Inadanganya, tena sana. Mike Krzyzewski alipochukuliwa na Duke 1980 alikuwa ametoka kwenye msimu wa 9-17, yaani ushindi 9 na vipigo 17, pale Army, chuo cha jeshi ambacho mchezaji akimaliza anaenda kutumikia jeshi, ebu fikiria unamshawishije kijana mrefu mwenye ndoto za NBA aje hapo. Duke nako misimu yake ya pili na ya tatu alipoteza mechi 17 kila msimu. Baadae akabeba ubingwa mara tano. Jim Calhoun, huyo huyo kocha wa Thabeet, msimu wake wa kwanza UConn ulikuwa 9-19, na baadae akabeba makombe matatu.

Alafu kuna upande wa pili, rekodi nzuri isiyo na kitu ndani. Vyuo vikubwa vinalipa vyuo vidogo hela vije kupigwa mwanzoni mwa msimu, kwaiyo mtu anaweza kufika Desemba ana ushindi kumi na hajakutana na timu ya maana hata moja. Ndo maana wanaofanya hii kazi vizuri wanaangalia pointi kwa kila pozesheni 100, yaani kila mara 100 timu inaposhika mpira kushambulia, ulizofunga na ulizofungwa, zikiwa zimerekebishwa kulingana na uzito wa wapinzani, kama anavyozikokotoa Ken Pomeroy, mtu wa takwimu za basketi ya vyuo. Na wanaziangalia mwaka kwa mwaka wakitafuta mwelekeo. Chukua kocha Dan Hurley. Kwenye chuo cha Wagner alikuta timu imetoka 5-26, akaenda 13-17 alafu 25-6. Rhode Island akakuta timu ya 7-24, msimu wa kwanza 8-21, wa pili 14-18, wa tatu 23-10, na mwisho akaondoka na 26-8. Ukijumlisha zote unapata namba ya kawaida tu ambayo haimshtui mtu, lakini ukizisoma kwa mpangilio unaona mtu anayejenga, na anajenga kila anapopelekwa. UConn wakamchukua 2018, msimu wa kwanza 16-17, na kombe la 2023 na la 2024 yote yakaenda kwake.

Linganisha na aliyekuwepo UConn kabla yake, Kevin Ollie, aliyebeba ubingwa 2014 na kikosi ambacho wengi wake waliletwa na Calhoun. Miaka minne baadae timu iko 14-18 na yeye amefukuzwa. Kombe lilikuwa la kweli, simnyang'anyi, ila ukiwa unatafuta kocha lazima uulize wachezaji wale nani aliwaleta.

Dhana: aliyefanya maajabu Machi ndo mwenyewe

Hii dhana inagharimu vyuo mamilioni ya dola. Mashindano ya NCAA ni mtoano, ukipigwa mechi moja umekwenda nyumbani, kwaiyo wiki moja ya kulenga vizuri mitupo ya mbali inaweza kumfanya mtu maarufu nchi nzima. Georgetown ndo waliokuwa wanawatajirisha watu. Chini ya John Thompson III, mtoto wa mzee, waliingia nne bora 2007, lakini 2011 wakatolewa na VCU, chuo cha Virginia, ya kocha Shaka Smart, na 2013 wakiwa wamepangwa namba 2 kwa ubora kwenye kundi lao wakapigwa 78-68 na Florida Gulf Coast waliopangwa namba 15, kocha wao akiwa Andy Enfield.

VCU ile ikafika nne bora na Smart baadae akaenda Texas, akakaa misimu sita bila kushinda mechi hata moja ya mashindano ya taifa. Enfield alichukuliwa na USC, chuo cha Los Angeles, siku chache tu baada ya kuwatoa Georgetown, akaanza na 11-21 alafu 12-20. Sasa msinielewe vibaya, hao wawili sio makocha wabovu, Enfield alikuja kufika nane bora 2021 na Smart alipotua Marquette akabeba ubingwa wa Big East, ligi hiyo hiyo wanayocheza Georgetown, 2023. Ninachosema ni kwamba zile mechi mbili tatu za Machi hazikuwaambia Texas wala USC wanapata nini. Kocha Todd Golden kwa mfano alikuwa ametolewa mechi ya kwanza kabisa akiwa na timu yake ya chuo cha San Francisco 2022, tena ndo mara yake pekee kufuzu, na Florida wakamchukua hivyo hivyo. Msimu wa kwanza 16-17, wa tatu bingwa, waliwafunga Houston 65-63 kwenye fainali ya 2025.

Dhana: mlete staa wetu wa zamani, vijana watamfuata

Mwaka 2017 Georgetown wakamrudisha Patrick Ewing. Na mimi namheshimu sana Ewing, alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa ile jezi, na alikuwa amekaa msaidizi NBA miaka mingi kwaiyo usiseme hajui basketi. Tatizo ni kwamba kazi ya NBA na kazi ya chuo ni kazi mbili. NBA wachezaji unaletewa na meneja, chuo unawatafuta wewe, kisha unawabembeleza kila mwaka wasiondoke, na tangu 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima na kulipwa kwa jina na sura yake hiyo kazi imekuwa ya mwaka mzima. Machi 2021 Ewing alibeba kombe la Big East akiwa amepangwa namba 8, mechi nne siku nne, watu tukashangilia tukasema sasa ameiva. Msimu uliofuata Georgetown walicheza mechi 19 za Big East wakapoteza zote 19. Aliondolewa 2023.

Chuo cha St. John's nao walimrudisha staa wao Chris Mullin 2015, misimu minne, 59-73. Michigan na staa wao Juwan Howard ilianza vizuri kweli, ubingwa wa ligi yao ya Big Ten 2021, ila ikaishia 8-24 mwaka 2024. Mapenzi ya jezi yanajaza ukumbi siku ya utambulisho, lakini hayakuambii huyu mtu ana msaidizi gani wa kutafuta wachezaji na kama amewahi kumlea kijana wa miaka 18 aliyefeli mtihani.

Dhana: msaidizi wa ndani ndo salama

Hii fupi. Tom Izzo alipandishwa Michigan State 1995, Mark Few akapandishwa Gonzaga 1999, wote wakajenga himaya. Craig Esherick naye alipandishwa Georgetown 1999 baada ya mzee Thompson kuachia katikati ya msimu, akaondolewa 2004. Kupandishwa hakukuambii kitu, kaulize kazi ipi hasa alikuwa anaifanya yeye mle ndani.

Dhana: kumchunguza mtu ni kujaza fomu tu

2014 Steve Masiello, kocha wa chuo cha Manhattan, alikuwa ameshakubaliana na chuo cha South Florida, uchunguzi wa mwisho ukaonyesha hakuwa amemaliza digrii yake Kentucky, dili likafa hapo hapo. Digrii ni rahisi kuikagua, unapiga simu moja. Kigumu ni jinsi mtu anavyowatendea vijana mlango ukifungwa. Rutgers walimfukuza Mike Rice 2013 baada ya video za mazoezi kutoka hadharani, anawarushia wachezaji mipira, anawasukuma, anawatukana matusi mabaya, na ilimgharimu kazi hata mkurugenzi wa michezo kwa sababu video alikuwa ameshaiona miezi kabla na akamwacha aendelee.

Hapa naomba nikae kidogo. Kijana aliyetoka Mwanza au Goma yuko pale kwa skolashipu na viza ya mwanafunzi, akigombana na kocha hana pa kwenda, hana mzazi wa kuja na gari kumchukua. Anayetafuta kocha asiishie kwa watu watatu ambao mgombea mwenyewe ameandika namba zao, hao watamsifia tu. Awatafute waliokuwa wanakaa benchi bila kucheza, waliohama, mtu wa masomo, daktari wa timu, vijana wa kufua jezi na kubeba mipira. Kocha Dusty May alikuwa mmoja wa vijana hao chuo cha Indiana enzi za kocha Bob Knight. Akaja kuipeleka Florida Atlantic nne bora 2023, na Michigan aliyoipokea kutoka kwenye ile 8-24 akaifikisha 27-10 kwa msimu mmoja.

Dhana: aliyeweza kule ataweza na hapa

Baada ya Ewing, Georgetown wakaenda kumchukua Ed Cooley kutoka Providence, wapinzani wao wa Big East. Kwenye karatasi alikuwa mgombea asiye na doa, misimu kumi na mbili, mashindano ya taifa mara saba, ubingwa wa ligi 2022. Msimu wa kwanza Georgetown 9-23, wa pili 18-16. Lakini Providence ndo alikozaliwa, kila mtu pale anamjua, na ni mji ambao hauna timu ya NBA ya kugombania watazamaji nayo. Washington kuna Wizards wa NBA pembeni, na vijana wa pale mjini wanafuatwa na kila chuo kikubwa nchini.

Kwaiyo mgombea akiingia kwenye usaili mimi ningemwekea mezani vitu viwili, kikosi kilichobaki na hela zilizopo, maana tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa kwanza, na mpira wa miguu wa Kimarekani ukishachukua sehemu yake kinachobaki kwa basketi kinatofautiana sana chuo na chuo. Georgetown hawana ile timu kubwa ya kula bajeti, hiyo ni nafasi. Aniambie anabakisha nani, anamtafuta nani, anamlipa nani kwanza, na mtu wa masomo atakuwa nani na atakaa wapi siku ya mechi.