Kwa nini mswada wa kodi uliwajaza Wakenya kwenye Spaces?

Ijumaa ya tarehe 5 Julai 2024, Rais William Ruto aliingia Spaces, vile vyumba vya mazungumzo ya sauti kwenye mtandao wa X, akakaa kuulizwa maswali na vijana. Wiki mbili tu nyuma vijana hao walikuwa barabarani wakimwita Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, na kumtaka ashuke mtini. Waliokuwa wakisikiliza kwa wakati mmoja walipita 100,000. Uwanja wa Kasarani, hata ufurike vipi, hauchukui watu hao. Imekuwaje rais mwenye Ikulu, televisheni na helikopta awafuate wananchi kwenye simu zao?

Chanzo ni Mswada wa Fedha wa 2024. Serikali ilitaka kuongeza mapato kwa takribani shilingi bilioni 346. Mkate ungetozwa VAT ya asilimia 16, mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, na mwenye gari angelipa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Juu ya hayo kulikuwa na tozo ya mazingira, ambayo wengi walihofia ingepandisha bei ya nepi na sodo. Mswada wa aina hii huja kila mwaka. Ule wa 2023 uliipandisha VAT ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Watu walilalamika, ukapita.

Sasa, Katiba ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Kwa mazoea, kushirikishwa huko huwa tangazo gazetini, siku ya mwisho ya kupeleka maoni, na vikao vichache vya mchana, saa ambazo mama mboga yuko sokoni na mwalimu yuko darasani. Mswada wenyewe huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ingawa kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtu anapewa haki ya kutoa maoni juu ya karatasi asizozielewa.

Pengo hilo ndilo lililozibwa Juni 2024. Usiku baada ya usiku vyumba vilifunguliwa, mawakili na wahasibu wakausoma mswada kipengele kwa kipengele, na wasikilizaji wakauliza kwa Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Wengine waliyachukua maelezo hayo wakayatengenezea video fupi za TikTok kwa lugha za mama, hata kwa lugha ya ishara. Kwa maoni yangu, huko ndiko kushirikishwa kwa umma kulikotajwa na Katiba, ila kulifanywa na watu wasiolipwa hata marupurupu ya kikao.

Lakini kwa nini Spaces, si Facebook wala WhatsApp? Twitter, jina la zamani la X, ilianza kuijaribu huduma hii mwishoni mwa 2020, na kufikia Oktoba 2021 mtumiaji yeyote aliweza kufungua chumba chake. Sauti peke yake hula bando kidogo kuliko video. Simu unaiweka mfukoni ukasikiliza ukiwa kwenye matatu au ukikoroga ugali. Sura yako haionekani, jambo lenye uzito kwa mfanyakazi wa serikali anayetaka kusikia bila kuonekana. Kundi la WhatsApp lina kikomo cha wanachama. Wasikilizaji wa Spaces hawana.

Kikomo kiko upande wa wasemaji. Wanaoweza kuwa na maikrofoni kwa wakati mmoja ni 13 tu, akiwemo mwenyeji na wasaidizi wake wawili. Kwa hiyo katika chumba cha watu 100,000, mwenyeji ndiye anayeamua nani apande jukwaani na nani ashushwe. Hapa ndipo ninapowatilia shaka wanaosema mtandao umempa kila mtu sauti. Kila mtu amepewa sikio. Sauti bado ina foleni, na asiye na simujanja hajafika hata kwenye foleni.

Tabia yenyewe si ngeni. Katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana kwa miaka mingi, watu wamesimama chini ya miti wakibishana juu ya bei ya unga na wizi wa mali ya umma. Kilichobadilika ni kwamba wa Kisumu, wa Mombasa na wa Doha wanaingia katika mjadala uleule.

Mjadala wa 2024 ulikuwa na jambo moja ambalo mingine mingi haina: tarehe. Kura ya wabunge ilijulikana ni lini, na nambari zao za simu zilisambazwa wakafurikiwa na ujumbe. Baada ya maandamano ya kwanza ya tarehe 18 Juni, ushuru wa mkate, mafuta ya kupikia na magari uliondolewa. Hata hivyo tarehe 20 wabunge 204 waliunga mkono mswada na 115 wakaupinga. Tarehe 25 ukapita hatua ya mwisho kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, polisi wakafyatua risasi. Siku iliyofuata Ruto alisema hatautia saini.

Gharama ilikuwa kubwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60, na hadi mwisho wa Desemba ilikuwa imeandikisha visa 82 vya watu waliotekwa au kutoweka tangu Juni, baadhi yao wakosoaji waliojulikana mitandaoni. Kutoonekana sura kwenye Spaces hakumfichi mtu asitafutwe.

Mahakamani nako suala la ushirikishwaji lilifika, kwa njia ya sheria ya mwaka uliotangulia. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikaurudisha uhalali wake.

Kuigeuza sauti hiyo ya mtandaoni kuwa kura za uchaguzi ni kugumu zaidi. Katika uchaguzi wa 2022 wapiga kura walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na wenye miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40. Idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko mwaka 2017. Kelele za 2024 zilipopanda, tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na kamishna hata mmoja, na ilikaa hivyo tangu mapema 2023 hadi Julai 2025. Uandikishaji wa kuendelea ulirejea tarehe 29 Septemba 2025. Haufanyiki kwa simu: ni lazima mtu afike mwenyewe na kitambulisho cha taifa au pasipoti, achukuliwe picha na alama za vidole. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027.