Rubani wa ndege ndogo anaruka masaa mangapi kwa mwaka? Ninavyoona mimi nikiwa Tanga

Swali hili naulizwa sana, hasa na vijana wanaokuja uwanjani kuangalia ndege, wengine wameshaanza kabisa kudunduliza hela za shule ya urubani: hivi mtu mwenye leseni binafsi, yule anayeruka kwa mapenzi yake na sio kwa mshahara, kwa mwaka anapata masaa mangapi? Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Tanga na leseni ya urubani binafsi ninayo pia, kwa hiyo hesabu naziona pande zote mbili, kwenye logibuku ya rubani, kile kitabu anachoandika masaa yake, na kwenye logibuku ya injini, na hizo mbili hazifanani, nitaeleza.

Ni machache, machache kuliko watu wanavyodhani. Kwa logibuku zilizopita mikononi mwangu mtu wa kawaida yuko kwenye saa 25 mpaka 50 kwa mwaka. Anayefika 100 mara nyingi ana ndege yake mwenyewe na ana shughuli inayomlazimisha, labda ana shamba mbali au biashara Dar na Unguja. Na wapo wengi tu chini ya 15. Weka pembeni ya rubani wa ndege kubwa za abiria, Ulaya sheria inamkataza kuzidi saa 900 kwa mwaka na Marekani 1,000, ina maana yule kwa wiki mbili za kazi anaweza kumaliza mwaka mzima wa huyu wetu.

Sababu ya kwanza kila mtu anaijua, hela. Cessna 172, ile ndege ndogo ya viti vinne, inakunywa kama lita 35 kwa saa, kwa hiyo saa 40 ni lita 1,400, mapipa 7 yale ya lita 200, na sio petroli ya sheli hii, ni avgasi, ile ya rangi ya bluu, ambayo lazima uipange mapema. Hapo hujagusa ukaguzi wa kila saa 50, ukaguzi wa mwaka, bima, maegesho. Ndio maana wengi wanachangia ndege moja, sisi tuko wanne kwenye yetu.

Ila hela sio yote. Mwaka jana mimi niliruka saa 34. Ukigawa kwa 12 unapata karibu saa tatu kila mwezi, inapendeza kabisa. Sasa fungua kurasa zenyewe: Februari peke yake 6.1, Aprili sifuri, Mei sifuri, Juni 2.8, Novemba sifuri. Masika ikishika hapa Tanga mawingu yanashuka mpaka Usambara inapotea yote kama vile haikuwahi kuwepo, na mtu anayeruka kwa kuangalia nje kwa macho yake hana cha kufanya zaidi ya kukaa chini. Unaamka Jumamosi saa kumi na mbili, juu kunaonekana kumefunguka, unafika uwanjani wingu zito linatoka upande wa Muheza, unarudi nyumbani. Wiki inayofuata ni zamu ya mwenzako. Novemba ndege ilikuwa imefunguliwa kwa ukaguzi wa mwaka na spea moja ikachelewa kufika kutoka nje, mwezi ukaisha.

Sasa ile ya logibuku mbili. Mtu anakuja ananiambia fundi nimeruka 40, nikiangalia kitabu cha ndege nakuta 33. Hadanganyi. Saa ya Hobbs, ile mita ya kuhesabu muda iliyoko ndani ya ndege, inaanza kuhesabu injini ikipata presha ya oili na inasimama ukizima, kwa hiyo ule muda wa kutambaa kwenda njia ya kurukia, kupasha injini, kusubiri ndege ya abiria aina ya Caravan itue, wote umo. Takometa yenyewe inafuata mizunguko ya injini, inahesabu saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi ya safari, chini inapounguruma taratibu inahesabu pole pole. Kitabu cha rubani kinafuata muda wa kwanza, matengenezo yetu yanafuata wa pili. Ukiwa unapanga bajeti au unanunua ndege iliyotumika uliza unaambiwa masaa ya saa ipi.

Lakini kinachoniumiza roho sio udogo wa masaa, ni mapengo. Mtu ana saa 30, zote kaziruka Januari, Februari na Agosti, katikati ndege imekaa. Na sisi tuko pwani, upepo wa chumvi unaingia kila mahali, unyevu hauishi. Kwenye injini za Lycoming, ambazo ndizo ziko kwenye 172 nyingi, kamshafti, ile shafti inayofungua vali, imekaa juu ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo ndege ikisimama oili inachuruzika yote kwenda chini na chuma cha kule juu kinabaki kikavu kwenye hewa yenye maji. Kutu inaanza kama vidoa vidogo tu. Siku injini inawaka zile pua za kamshafti, yale matuta yake, zinasuguana na tapeti, vile vidude inavyovisukuma, juu ya ile kutu, na uso wa chuma ule mgumu ukishabanduka haurudi. Mimi huwa nakata filta ya oili, natoa ile karatasi yake yenye mikunjo naitandaza kwenye jua, napitisha sumaku taratibu. Filta ya ndege inayoruka kila wiki inakuwa na masizi meusi basi. Ya ndege iliyolala, sumaku inatoka na manyoya ya chuma, membamba, yanang'aa kama magamba ya dagaa, na hapo najua namwita mwenye ndege kumpa habari mbaya. Injini ambayo kiwandani wanasema iende saa 2,000 unaifungua ina 700.

Afu kuna hii tabia ya kuja kuwasha injini dakika kumi pale pale chini halafu mtu anazima anaenda zake, anaamini ameitunza. Ndugu zangu acheni kabisa. Dakika kumi oili haijapata moto wa kutosha, mvuke unaotokana na mafuta kuungua unabaki ndani unageuka maji, unachanganyika na oili, unakuwa asidi. Umeiharibu kuliko ungeiacha. Ushauri wa Lycoming wenyewe ni kuruka saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, isipite siku 30 bila kufanya hivyo, na kwenye unyevu kama wetu mimi nasema isipite siku 15.

Angalia sasa, saa moja kila mwezi ni saa 12 kwa mwaka. Na Ulaya, rubani wa ndege ndogo ya injini moja anayetaka kuhuisha kibali chake bila mtihani lazima awe na saa 12 ndani ya miezi 12 ya mwisho, kupaa mara 12 na kutua mara 12, na safari ya mafunzo ya saa moja na mwalimu. Namba ni ile ile kwa chuma na kwa mtu. Tofauti ni kwamba injini inadai zigawanywe, mtu sheria inamruhusu azikusanye zote wiki moja, na hapo ndipo mimi sikubaliani.

Kwa sababu nimekaa kiti cha kulia na watu waliorudi baada ya pengo. Miaka kadhaa nyuma mwenye ndege mmoja alikuja Juni, hajaruka tangu Machi, ndege nayo imekaa nje, kifuniko cha mrija wa pitoti, ule unaopokea hewa ya mbele ili mshale wa mwendo usome, kilishapeperushwa na upepo hakuna aliyegundua. Tukaizunguka, tukachuja mafuta kwenye kikombe, nikaona mstari wa maji umekaa chini ya ile bluu, tanki lilikuwa nusu na unyevu umegandia ndani miezi yote ile, tukatoa mpaka ikaja safi. Mrija wa pitoti tukautazama kwa nje tukaona uko sawa, na mimi ni fundi, nilipaswa kuuangalia kwa tochi. Tukaanza kukimbia kwenye njia, injini inavuta vizuri, mshale wa mwendo uko sifuri. Alikuwa anaangalia mbele tu. Nikamwambia kaka mwendo haupandi, ikapita kama sekunde mbili hivi ndio mkono wake ukapunguza nguvu ya injini. Tukasimama salama, njia ilikuwa bado ndefu. Ndani ya mrija nyigu alikuwa amejenga kwa udongo, umekauka kama tofali. Yule bwana ana zaidi ya saa 200, na kabla ya masika macho yake yangeuona ule mshale mwenyewe.

Ile kanuni ya kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kabla hujabeba abiria inasaidia, ila siku 90 ni nyingi sana kwa mtu mwenye saa 100 maishani mwake.

Kwa hiyo kijana akiniambia bajeti yake ni saa 24 kwa mwaka simvunji moyo hata kidogo. Namwambia aweke saa moja kila baada ya wiki mbili, Tanga mpaka mdomo wa mto Pangani, ukanda wa pwani wote kule chini, pita Saadani kidogo halafu geuza, saa inakuwa imetimia na oili imeiva. Mara moja kila miezi mitatu akae na mwalimu. Aprili na Mei ikifungana, ile siku moja inayofunguka asiipoteze kwa kuosha ndege, aruke. Tanki alijaze pomoni kabla hajafunga ndege, kifuniko cha pitoti akifunge kwa kamba, na akirudi siku yoyote ile aje na tochi.